Risasi ya mbogo hupimwaje?

Kati ya Manyoni na Itigi kuna vichaka ambavyo mtu akiingia hatua kumi tu, mwenzake aliyebaki njiani hamwoni tena. Miti yake si mirefu, mita tatu hadi tano hivi, lakini imeshonana tawi kwa tawi. Warina asali wa Itigi na Mitundu hupita humo kukagua mizinga yao, na kusini zaidi yapo mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yenye tembo, simba na mbogo. Mbogo aliyejeruhiwa hakimbilii mbugani. Huingia vichakani, husimama kivulini, husikiliza. Mwindaji aliyempiga vibaya akampoteza atafungasha mizigo siku zake za kibali zikiisha. Atakayekutana na mnyama yule ni mrina asali mwenye kienge mkononi, au mama aliyetoka kuokota kuni.

Ndiyo maana kupima risasi za wanyama wakubwa hakuwezi kuachwa kuwa mazungumzo ya wapenda bunduki peke yao. Kunamhusu mwindaji bingwa anayeongoza wageni kwenye kitalu. Kunamhusu askari wa wanyamapori anayeitwa usiku Chemba au Kondoa kwa sababu tembo wameingia kwenye mtama wa watu. Kunamhusu hata mwanakijiji ambaye hajawahi kugusa bunduki maishani. Wote hao usalama wao umewekwa kwenye kipande cha madini kisichozidi kidole, na wengi wetu tunakipima kipande hicho kwa swali lisilo lake. Tunauliza kina nguvu kiasi gani. La kuuliza ni kitapita njia gani kikishaingia mwilini, na kitafika wapi.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, kiwashio kilichoko kitakoni, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichokaa mbele. Kinachoruka ni kichwa tu, na ndicho kinachopimwa. Kwenye boksi huandikwa uzito wake na kasi yake, na hapo ndipo wengi hukomea. Chukua risasi iitwayo .375 Holland & Holland Magnum, iliyotoka Uingereza mwaka 1912 na mpaka leo ipo mikononi mwa wawindaji bingwa kote Afrika. Hurusha kichwa cha greni 300, yaani gramu 19 na ushee, kwa kasi ya mita 760 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nishati unapata kama jouli 5,600. Au chukua .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956: greni 500, zaidi kidogo ya gramu 32, kwa mita 640 kwa sekunde, hiyo inakupa jouli 6,600 hivi. Zimbabwe imeziweka namba za namna hii kwenye sheria: kwa tembo, mbogo na kiboko, kipenyo kisipungue milimita 9.2 na nishati isipungue jouli 5,300.

Kiwango cha namna hiyo kina kazi yake. Kinamzuia mtu kwenda kwa mbogo na bunduki ya swala. Lakini hakisemi lolote kuhusu kichwa chenyewe kimetengenezwaje. Vichwa viwili vyenye uzito ule ule, vilivyotoka kwenye mtutu ule ule kwa kasi ile ile, vina jouli zile zile. Kimoja kinagonga mfupa wa bega na kusambaratika vipande vipande ndani ya nyama ya juu. Kingine kinavunja mfupa huo, kinapasua mapafu yote mawili na kusimama chini ya ngozi ya upande wa pili. Kwa hesabu ya nishati hakuna tofauti. Kwa mrina asali tofauti ni kubwa mno.

Ushahidi wa zamani upo. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo leo ingekataliwa kwa tembo karibu kila mahali. Kichwa cha risasi yake kilikuwa chembamba, kirefu, kimefunikwa gamba gumu pande zote za mbele, na hakikupinda. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, na alipiga wanyama waliotulia, kwa karibu. Simtaji ili aigwe, kwa kuwa tembo aliyekwishashtuka hampi mtu nafasi ile, na askari anayemkabili gizani shambani ndiyo kabisa. Namtaja kwa sababu hesabu ya jouli haiwezi kueleza alichokifanya. Kinachokieleza ni kwamba kichwa cha risasi yake kilikwenda ndani sana, tena kwa mstari ulionyooka.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe, maana jaribio lolote la risasi linajifanya kuwa yeye. Dume la mbogo lina kilo 600 hadi 800 hivi. Ngozi ya shingo na mabega ni nene, na mara nyingi ina tabaka la matope yaliyokauka, kwa sababu mbogo anapenda kugaagaa kwenye tope. Matope hayo yana mchanga, na mchanga ni kitu kigumu kugonga kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde. Chini ya ngozi kuna misuli, kisha mfupa wa bega, kisha mbavu pana zilizokaribiana. Moyo uko chini kuliko wengi wanavyodhani, katikati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu kamili, safari ya kichwa cha risasi ni fupi. Akisimama mshazari akikutazama, ni lazima kivunje mfupa mkubwa kwanza ndipo kianze kazi. Na akiwa ameshapigwa, anakimbia, amekupa makalio, risasi ya pili inabidi ipite tumboni. Tumbo la mbogo limejaa majani mabichi yaliyotafunwa na maji yake, na hakuna kitu kinachosimamisha risasi kama majani mabichi yaliyoshindiliwa. Wachunaji wanalijua hili: vichwa vingi vya risasi huokotwa humo.

Tembo ni habari nyingine. Fuvu lake ni kubwa sana, lakini sehemu kubwa ni mfupa uliojaa vyumba vya hewa, na ubongo wake, wa kilo nne hadi tano, umekaa nyuma kabisa, kati ya matundu ya masikio. Ukimpiga kutoka mbele, risasi ina safari ya nusu mita na zaidi kabla ya kufika, kupitia ngozi, nyama ya mzizi wa mkonga na kuta nyingi za mfupa zilizokaa kila upande. Ikipinda kidogo tu njiani, inapita pembeni ya ubongo. Tembo anatikisika, anageuka, anaondoka, au anakuja.

Kwa hiyo wanyama wawili, kazi mbili, na ndiyo maana kuna aina mbili kubwa za vichwa vya risasi. Kuna risasi laini, ambayo ncha yake imetengenezwa ifunguke inapogonga, ili ipanue jeraha. Na kuna risasi ngumu, ambayo haitakiwi kubadilika umbo hata kidogo, kazi yake ni kwenda ndani. Simba anataka laini. Tembo anataka ngumu. Mbogo ndiye mwenye mjadala usiokwisha: wawindaji bingwa wengi huanza na laini iliyojengwa kwa uimara, kisha huweka ngumu zifuate nyuma yake kwa ajili ya ile risasi ya makalioni.

Hiyo risasi laini ndiyo inayohitaji kupimwa zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu imepewa kazi mbili zinazopingana. Risasi laini ya kizamani ni kiini cha madini ya risasi kilichovishwa gamba jembamba la shaba. Kikigonga mfupa kwa kasi, gamba linachanika, kiini kinachomoka, kila kimoja kinakwenda kwake. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga huko Kanada mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aliyekuwa amejipaka matope, na risasi zake zikavunjika bila kufika ndani. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, kiini cha mbele kikipasuka cha nyuma kibaki salama, na mwaka 1948 akaanza kukiuza. Baada yake wakaja waliounganisha gamba na kiini kwa joto ili visiachane, na mwaka 1989 kampuni ya Barnes ikatoa kichwa cha shaba tupu, kisicho na kiini chochote cha kuchomoka. Maendeleo yote hayo yanatafuta kitu kimoja: kichwa kifunguke, lakini kibaki kizima.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayofungua fundo zima. Kichwa cha .375 kina kipenyo cha milimita 9.5. Uso wake unaogonga nyama una eneo la sentimita za mraba 0.71. Kikichanua kama uyoga mpaka kipenyo kiwe maradufu, milimita 19, eneo halizidi mara mbili tu. Linazidi mara nne, linakuwa sentimita za mraba 2.8. Nyama inapinga kulingana na eneo. Kichwa kilekile, uzito uleule, sasa kinasukuma ukuta mkubwa mara nne, na kinasimama mapema zaidi. Kikipoteza na uzito juu ya hapo, mambo ni mabaya zaidi. Hii ina maana kwamba ule uyoga mpana na mzuri unaopigwa picha kwa ajili ya matangazo unaweza kuwa ndio uliokwenda kina kifupi kuliko vyote. Kwa swala hilo halina shida. Kwa mbogo wa mshazari, kufunguka hadi mara moja na nusu ya kipenyo cha awali na kuendelea kwenda mbele kunafaa zaidi kuliko kufunguka mara mbili na nusu na kusimama kwenye mbavu. Mimi nikionyeshwa picha ya uyoga huwa nauliza kwanza ulikutwa sentimita ya ngapi.

Uzito uliobaki hupimwa kwa mizani midogo kama ya sonara. Kichwa cha greni 300 kikiokotwa kina greni 285, kimebakiza asilimia 95. Vichwa vya shaba tupu hubakiza karibu vyote. Vile vya ukuta wa katikati hupoteza sehemu ya mbele kwa makusudi. Namba hii ni nzuri kuijua, ila peke yake haitoshi: kichwa kinaweza kubakiza asilimia 98 kwa sababu hakikufunguka kabisa.

Hatuwezi kupima kila risasi kwa mbogo hai, wala haifai. Ndipo vinapokuja vitu vya kuigiza mwili, na kila kimoja kina mahali kinaposema kweli na mahali kinapodanganya. Mashuhuri kuliko vyote ni jelatini, ile inayotokana na ngozi na mifupa ya mifugo, iliyochanganywa kwa asilimia 10 na kupozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Huhakikiwa kwanza kwa kurusha kidonge cha chuma cha milimita 4.5 kwa mita 180 kwa sekunde. Kikiingia sentimita 8.5, kuzidi au kupungua moja, jelatini iko sawa. Faida yake ni kwamba inaonyesha njia nzima: pale kichwa kilipoanza kufunguka, pale tundu lilipokuwa pana, pale kilipoanza kupepesuka. Lakini kipimo hicho kilikuzwa kwa ajili ya risasi za polisi na miili ya watu. Hakina ngozi ya mbogo wala mfupa wa bega, wala majani mabichi. Na hapa kwetu kuna kikwazo cha ziada: jelatini iliyotoka kwenye jokofu ikawekwa nje Dodoma mwezi wa Oktoba, joto likiwa limevuka nyuzi 30, haichukui muda kuacha kuwa ile iliyohakikiwa. Anayekuletea matokeo ya jelatini iliyopigwa juani bila kukuambia joto lake, amekuletea picha tu.

Madumu ya maji yaliyopangwa mstari ni rahisi na yanapatikana popote. Maji hayabonyei, kwa hiyo hufungua risasi laini kwa nguvu kuliko nyama inavyofanya. Ni jaribio zuri la swali moja: je, kichwa hiki kikibanwa vibaya kitavunjika? Kwa kina cha kupenya, maji hayaaminiki sana. Na kusema kweli katika nchi ya Wagogo, ambako maji ya bomba ni ya mgawo mtaa kwa mtaa, mtu afikirie mara mbili kabla ya kuyamwaga madumu ishirini mchangani.

Kinachofaa zaidi kwa mazingira yetu, kwa maoni yangu, ni magazeti ya zamani. Yanalowekwa usiku kucha, yanashindiliwa kwenye sanduku refu la mbao, na yanapigwa yakiwa bado yanachuruzika. Ni magumu kuliko nyama, hivyo kina chake kitakuwa kifupi kuliko cha mwilini, lakini yanahifadhi njia: ukiyafungua tabaka kwa tabaka unaweza kupima upana wa tundu kila sentimita tano. Na unaweza kuweka kitu mbele yake. Mfupa wa paja la ng'ombe kutoka machinjioni, mbichi na si mkavu, kwa sababu mfupa uliokauka hupasuka tofauti na ule wenye unyevu. Ngozi mbichi ya ng'ombe dume mbele ya mfupa. Na juu ya ngozi, tope la kichanga lililoachwa likauke. Ng'ombe si mbogo, mifupa yake ni myepesi kidogo, lakini sanduku lenye ngozi, tope na mfupa linauliza swali lililo karibu sana na lile litakaloulizwa Rungwa. Sanduku la magazeti matupu haliulizi.

Kuna kanuni moja ambayo bila hiyo kazi yote ni bure. Usilinganishe sentimita za sanduku lako na za sanduku la mtu mwingine. Kila sanduku lina maji yake na mshindilio wake. Linganisha risasi na risasi, siku ileile, sanduku lilelile. Na katika kundi lazima iwemo risasi moja ambayo tabia yake ndani ya wanyama inajulikana kwa miaka mingi ya wachunaji kuitoa kwenye mizoga. Hiyo ndiyo rula. Risasi mpya ikienda kina sawa na rula, au ikiipita, umejifunza kitu. Ikienda sentimita 60 peke yake bila rula pembeni, hujajifunza lolote. Tena risasi moja kwa kila aina haitoshi. Mfupa mmoja hugongwa katikati, mwingine ukingoni, na tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya risasi zenyewe. Piga tano tano.

Umbali nao una mtego. Watu wengi huona jaribio la mbali ndilo gumu. Kwa risasi laini ni kinyume. Kasi huwa kubwa zaidi mdomoni mwa mtutu, na kasi ndiyo inayovunja vichwa. Mbogo hupigwa mita 30, 50, mara chache zaidi ya 80. Kichwa kilichofaulu kwenye mita 200 kilishapunguziwa adhabu na hewa. Lipigwe sanduku kwa umbali ule wa mbogo.

Nimefika kwenye jambo linalonivutia kuliko yote, la risasi ngumu kwenda moja kwa moja. Mtutu una mifereji ya mzunguko ndani, inayokifanya kichwa kizunguke kwa kasi kubwa, na mzunguko huo ndio unaokifanya kiruke ncha mbele hewani. Wengi hudhani mzunguko huohuo unakinyoosha na ndani ya mnyama. Hauwezi. Mwili ni maji kwa sehemu kubwa, na maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800 kwa ujazo uleule. Mzunguko uliotosha hewani hauna nguvu ya kushindana na msukosuko huo. Kichwa kirefu chenye ncha ya duara kikiingia nyama, kitako chake kizito kinataka kupita mbele. Kinaanza kupepesuka, kinalala ubavu, na mara nyingi huokotwa kikiwa kimegeuka, kitako ndicho kimetangulia. Wakati huo kimeshaacha mstari.

Kilichotatua tatizo hili si baruti zaidi. Ni kuikata ncha iwe bapa. Ncha bapa husukuma majimaji ya mwili pembeni kwa nguvu hadi ikaacha uwazi unaoizunguka, na ubavu wa kichwa haugusani na nyama kwa muda mrefu wa safari. Kinachogusa ni ule uso wa mbele tu. Kikianza kuinama, ukingo wa uso ule ndio unaogonga kwanza na kukirudisha. Ndiyo maana vichwa vigumu vya kisasa, vingi vikiwa vya shaba tupu au vya mchanganyiko wa shaba na zinki, vina pua iliyokatwa, ambayo kwa macho inaonekana kana kwamba ingepaswa kupenya vibaya zaidi. Hupenya kwa kina zaidi na kwa mstari ulionyooka zaidi.

Kulipima hili hakuhitaji maabara. Katikati ya sanduku la magazeti, kila sentimita 15, unachomeka kipande cha kadibodi. Ukimaliza kupiga, unazitoa kadibodi kwa mpangilio na kuziinua mbele ya mwanga. Tundu la kwanza ni duara. La pili duara. La tatu ni duara lakini limesogea kushoto kwa upana wa kidole. La nne halina duara tena. Ni mpasuko mrefu kama kichwa cha risasi chenyewe kilivyo kirefu, na kingo zake zimeraruka upande mmoja. Basi umejua: baada ya sentimita 45 kichwa hiki kililala. Ukirudi kwenye fuvu la tembo na ile nusu mita yake, kadibodi ya nne ndiyo iliyobeba jibu.

Kasi nayo isichukuliwe kwa kusoma boksi. Kuna chombo kinachoitwa kronografu, hukaa mbele ya mtutu na kupima kasi ya kila risasi. Umuhimu wake ulionekana wazi kwa ile .458 Winchester Magnum. Ganda lake ni fupi, na ili kufikia kasi iliyoahidiwa baruti ilibidi ishindiliwe sana. Katika miaka ya 1960 na 1970, baadhi ya risasi hizo zilizokaa muda mrefu baruti yake iligandamana mabonge, haikuungua sawasawa, na kasi ikaanguka chini sana. Wawindaji wa Afrika walikuta vichwa vikisimama kabla ya kufika mahali pake, na lawama nyingi zikaenda kwa kichwa au kwa mpigaji, wakati tatizo lilikuwa baruti ndani ya ganda. Upande wa pili kuna joto. Baruti ya zamani ya Waingereza ilipandisha presha kwenye jua kali, hata ganda likakwama ndani ya bunduki. Ndiyo maana walitengeneza maganda makubwa yenye nafasi, presha ibaki chini hata India na Afrika. Boksi lililokaa kwenye dashibodi ya Land Cruiser tangu Manyoni mpaka kambini si sawa na boksi lililokaa kivulini. Anayepima apime risasi za toleo lilelile, yaani zilizotoka kiwandani pamoja na zile atakazobeba, ikiwezekana zikiwa na joto la mchana wa huku, na aandike namba ya toleo.

Baada ya masanduku yote, hakimu wa mwisho ni mzoga, lakini hata mzoga unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ukipewa kiganjani kichwa kilichotolewa kwa mbogo utaona mengi: mikono ya shaba iliyokunjuka nyuma, mmoja umekatika uliogonga mfupa, na ndani ya tundu la ncha kumeshindiliwa nywele nyeusi na chembe nyeupe za ubavu. Wawindaji huvihifadhi kwenye chupa, na makampuni huomba wavitumie. Kosa linaingia hapo. Vichwa vilivyomo kwenye chupa ni vile tu vilivyosimama ndani ya mnyama aliyepatikana. Vilivyotoboa na kutokea upande wa pili vimo mchangani, havijulikani, na huenda ndivyo vilivyofanya kazi nzuri zaidi. Vilivyosambaratika vimo ndani ya mbogo aliyeingia vichakani asipatikane. Chupa inatuonyesha kundi la katikati, nasi tunaliita matokeo.

Ndiyo maana naamini daftari lina thamani kuliko chupa. Mchunaji na mwindaji wakae pamoja kabla ya nyama kukatwa, wafuate njia ya risasi kwa fimbo nyembamba, waandike: umbali, mnyama alisimama vipi, iliingia wapi, ilivunja mfupa upi, ilitoka au ilibaki, na kama ilibaki ni umbali gani kutoka ngozi ya kuingilia. Waandike pia mnyama aliyepigwa asipatikane, kwa risasi ya aina gani na toleo gani, hata kama ni aibu. Vipande vidogo vya madini ya risasi vikionekana kwenye nyama karibu na jeraha, navyo viandikwe, kwa sababu nyama hiyo huliwa na watu, na utumbo unaoachwa porini huliwa na tai, ambao madini hayo huwaua.

Jaribio lenyewe lifanyike mahali palipoidhinishwa kwa kulenga shabaha, kwa silaha na risasi zinazomilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kingo ya udongo nyuma ya sanduku iwe ndefu kuliko unavyodhani inatosha. Risasi ngumu ya .458 ikitoka sanduku la magazeti la mita moja bado ina safari mbele yake.